Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya utafiti

Kila mwaka, ikifika mwezi wa sita, wanafunzi wa mwaka wa mwisho vyuoni huanza kukimbizana na ripoti za utafiti. Ukipita steshenari za karibu na geti la chuo utawakuta wamepanga foleni, flashi mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Mwaka jana na mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo. Ripoti yangu niliikusanya saa za mwisho kabisa, na sehemu kubwa niliiandika usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilifaulu. Lakini nilichokipitia sitaki kimpate mdogo wangu anayeingia chuo, wala mdogo wako, ndiyo maana nasimulia yote, hata yale ambayo wengi wetu hatuyasemi tukishavaa joho.

Mada yangu ilikuwa Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ule mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga hapa kwetu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Kuna mahali panaitwa Farm 17, ambapo baadaye wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao. Namba hiyo imebaki tangu mashamba ya karanga ya Waingereza. Nimekua nikiwasikia wazee wakitaja reli iliyotoka Mtwara mpaka kwetu, reli ambayo sikuwahi kuiona kwa sababu ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa, mama yangu hajazaliwa.

Kwa hiyo nilipoandika andiko la utafiti nilikuwa na hamu nayo kweli. Nikalipa jina refu: chanzo, utekelezaji na athari za Mpango wa Karanga Tanganyika, 1946 hadi 1951. Msimamizi wangu alilisoma, akanitazama, akauliza, "Yote haya utayamaliza?"

"Nitayamaliza, Dokta."

Akasaini. Lile swali lilikuwa onyo, na mimi nililichukua kama salamu.

Watu wakisikia mtu amechelewesha kazi wanadhani alikuwa amelala, au alikuwa kwenye tamthilia. Mimi nilikuwa maktaba karibu kila siku. Nilisoma sana. Shida ni kwamba mada pana haina mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Ukigusa chanzo, unakutana na uhaba wa mafuta ya kula Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukigusa utekelezaji, unakutana na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, mizizi ya mibuyu ya Kongwa, kule Dodoma, iliyovunja majembe, mvua zisizotosha, na udongo wa mfinyanzi unaokauka mpaka karanga haing'oki. Ukigusa athari, kuna bandari ya Mtwara, kuna reli, kuna vibarua waliotoka kila upande. Kila kitabu kilinipeleka kwenye kingine. Nilipakua makala, nikaziweka kwenye folda, nikanakili nukuu kwenye daftari kwa kalamu za rangi. Jioni nilirudi geto nimechoka, nikijiona nimefanya kazi. Sikuwa nimeandika hata aya moja iliyo yangu.

Kulikuwa na jambo la pili, na najua halinihusu peke yangu. Ripoti zetu tunaziandika kwa Kiingereza. Mimi nimesoma shule ya msingi ya serikali, Kiswahili mwanzo mwisho, na Kiingereza nilikutana nacho sawasawa kidato cha kwanza. Nakisoma vizuri na darasani nakifuata. Lakini kukaa mbele ya ukurasa mtupu na kuanza kuandika kwa Kiingereza kitu ambacho bado sijakielewa vizuri hata kwa Kiswahili kulikuwa kunanikaba koo. Kila sentensi niliyoanza ilionekana ya kitoto nikiilinganisha na vitabu nilivyotoka kusoma. Nikafuta, nikarudi kusoma tena. Kusoma kulikuwa mahali pa kujificha, na kwa kuwa kunaitwa kazi, hakuna aliyenikemea.

Halafu nikaanza kumkwepa msimamizi. Alinitumia ujumbe kuuliza sura ya kwanza imefikia wapi. Nikaufungua, nikaona aibu kujibu sina kitu, nikasema nitamjibu kesho nikiwa nayo. Kesho ikawa wiki. Baada ya hapo hata korido ya ofisi yake sikuipita. Hili ndilo lililonigharimu kuliko yote, maana yule mama alikuwa tayari kunisaidia. Mwenzangu mmoja tuliyesimamiwa pamoja aliugua katikati ya muhula. Aliandika barua mapema, ikapita idarani, akaongezewa muda bila maneno mengi. Mimi nilipiga simu siku moja kabla, sauti ikitetemeka. Dokta alinisikiliza, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, barua ya kuongeza muda haiandikwi leo. Andika ulichonacho, ulete." Kama unaona dalili kwamba hutamaliza, mwandikie msimamizi wakati bado ana uwezo wa kukutetea. Hata ukiwa na ukurasa mmoja, mpelekee huo huo. Msimamizi anafanya kazi na karatasi iliyoandikwa vibaya. Karatasi isiyokuwepo hana la kuifanyia.

Basi usiku ukaingia. Chumba chetu kiko nyuma ya nyumba ya mama mmoja maeneo ya Sinza, tunakaa wawili, mimi na rafiki yangu anayesoma uhasibu. Saa mbili nilikuwa tayari nimenunua bando la usiku, nimechemsha chai, nimewasha laptop ambayo betri yake ilishakufa zamani, inafanya kazi ikiwa imechomekwa tu. Na saa zote za mwanzo nikazitumia kwenye jalada. Nilipanga jina la chuo katikati, nikabadilisha ukubwa wa herufi, nikaandika shukrani kwa Mungu, wazazi, ndugu na marafiki, nikatengeneza orodha ya yaliyomo ya ripoti ambayo haikuwa na kilichomo. Vitu hivi vinatuliza moyo kwa sababu vinaonekana. Viache mpaka mwisho kabisa. Shukrani zinaandikwa kwa dakika kumi hata na mtu anayesinzia. Hoja haiandikwi hivyo.

Ilipofika saa tano nilikuwa na jalada zuri na tumbo linalouma. Hapo ndipo vishawishi vilipokuja. Cha kwanza kilikuwa kwenye simu: kijana mmoja wa steshenari aliwahi kunipa namba yake, akisema ana mtu wa kuandika utafiti wowote kwa laki moja na nusu, nusu unatanguliza. Wanaosoma vyuoni wanajua biashara hii ipo. Nilimtumia ujumbe. Akajibu haraka kwamba anao mmoja wa Mpango wa Karanga "umeshapita chuo kingine", atabadilisha jina tu. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Kilichonizuia, nakiri, kwanza kilikuwa hofu: ripoti zetu zinapitishwa kwenye programu ya kupima kufanana, na baada ya kukusanya tunasimama mbele ya jopo kuitetea. Utatetea vipi maneno usiyoyajua? Lakini zaidi ya hofu, nilifikiria kule nyumbani. Watu walifyeka vile vichaka kwa mikono yao, halafu mimi mjukuu wao ninunue habari zao zilizobadilishwa jina? Nikamwandikia asante, nikafuta namba.

Kishawishi cha pili kilikuwa akili mnemba. Niliiuliza kuhusu reli ya Nachingwea, ikanipa aya safi kabisa, na vitabu vitatu vya rejea, vyote na jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji. Nikavitafuta kwenye katalogi ya maktaba kupitia simu. Kimoja tu kilikuwepo, na mwaka ulikosewa. Viwili havikuwepo popote nilipotafuta. Kama ningeviingiza kwenye marejeleo, mjumbe yeyote wa jopo anayeifahamu historia ya Kusini angeniumbua. Ukiitumia mashine hiyo, itumie kukusahihishia sarufi ya sentensi ulizoziandika mwenyewe, kama chuo chako kinaruhusu. Rejea usiyoishika kwa mkono au kuifungua kwa macho yako usiiandike.

Saa saba na kitu, giza. Laptop ikazimika papo hapo.

Si umeme uliokatika mtaani. Taa za jirani zilikuwa zinawaka. Uniti zetu za LUKU zilikuwa zimeisha. Tunatumia mita moja wapangaji wote, tunachangishana, na mwisho wa mwezi kila mmoja anasubiri mwenzake anunue. Nilinunua wa shilingi 5,000 kwa simu, pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kuprinti. Nikatoka nje na tochi ya simu, nikasimama kwenye ile mita iliyofungwa juu ya mlango wa mama mwenye nyumba, juu ya ndoo iliyogeuzwa, naingiza tarakimu ishirini za tokeni huku nikisoma kwenye simu hiyo hiyo inayonimulikia. Nikiisogeza nisome, vitufe vinaingia gizani. Nikivimulika, ujumbe siuoni. Nikakosea, nikarudia. Mara ikalia, namba zikabadilika, taa zikawaka, na mlango ukafunguliwa.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Samahani, umeme uliisha."

"Marahaba. Na kusoma kwenu huko kwa usiku! Haya, Mungu awafungulie."

Niliporudi ndani nikakuta kilichokuwa kimeandikwa baada ya saa tano hakipo. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa changu. Nikakaa chini sakafuni, nikalia. Ukiwa na laptop isiyo na betri, andika kwenye programu inayohifadhi yenyewe mtandaoni, au uwe na mazoea ya kubonyeza kuhifadhi kila unapoweka nukta, na ukimaliza ukurasa ujitumie kwa barua pepe. Na kama ni nyumba ya mita moja, kagua uniti mapema, watu wakiwa macho.

Kilio kilimwamsha mwenzangu. Aliniuliza nini, nikamwambia sijui hata naandika nini. Akaketi kitandani, kajifunga khanga kichwani, akasema, "Hebu nieleze mimi. Usinisomee. Nieleze."

Nikaanza na chanzo cha Mpango wa Karanga. Akanikatiza.

"Shoga, hiyo ya Waingereza niachie. Wewe mwenyewe ulikuwa unataka kujua nini?"

Nikanyamaza. Halafu nikasema nilikuwa nataka kujua kwa nini kwetu palijengwa reli nzima halafu ikang'olewa.

"Kwa nini ilijengwa?"

"Ya kubebea karanga mpaka bandarini."

"Na karanga?"

"Hazikutosha. Mpango ulifutwa Januari 1951. Reli ilifika Nachingwea 1949."

"Kwa hiyo reli ilifika, karanga hazikufika. Sasa ilikuwa inabeba nini miaka yote hiyo?"

Nilimtazama. Hilo ndilo lilikuwa swali la utafiti. Lilikuwa kichwani mwangu tangu utoto, na nilikuwa nimelizika chini ya chanzo, utekelezaji na athari. Nikachukua simu, nikabonyeza kurekodi, nikamwambia, "Endelea kuniuliza." Akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, nami nikamjibu kwa Kiswahili, moja kwa moja: nani aliilipia reli, bandari ya Mtwara ilihusikaje, mpango ulipokufa nani aliamua reli iendelee, nani aliamua isiendelee, watu wa Nachingwea walipata nini na walipoteza nini. Palipokuwa na jibu nilijibu. Pasipokuwa na jibu nilisema sina, na hapo nikajua pa kutafuta. Tuliongea chini ya nusu saa. Akalala tena.

Mimi sikulala. Nilisikiliza ile rekodi nikiisimamisha kila baada ya sentensi chache, nikaziandika kwa Kiswahili kwenye daftari kama nilivyozisema. Kisha nikachukua kila hoja na kuiandika kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi ninazozimudu. Sikuwa tena natafuta cha kusema na namna ya kukisema kwa wakati mmoja. Hiyo kazi ya pili peke yake inabebeka. Kabla ya hapo nilizoea kuamini kwamba kufikiri kwa Kiswahili ndiko kunakoniangusha kwenye Kiingereza. Usiku ule niliona kinyume chake. Kama chuo chako kinafundisha kwa Kiingereza na kalamu imekwama, usianze kupambana na kamusi. Mtafute mtu asiyesoma kozi yako, mweleze kwa lugha unayoota nayo, na urekodi.

Nilianza na sura ya katikati, ile ya reli yenyewe, utangulizi nikauacha. Zile nukuu zote za rangi nilizokusanya kwa miezi, nyingi hazikuingia. Iliniuma, lakini vifaru vya Sherman havikuwa na kazi kwenye swali langu. Kwenye gharama za mpango nilikwama: kitabu kimoja kinaandika pauni milioni 36, kingine milioni 49. Ningekuwa na siku za kutosha ningefuatilia kila mwandishi anahesabu nini. Kwa saa niliyokuwa nayo niliandika zote mbili, kila moja na aliyeisema, nikaeleza kwamba zinatofautiana. Dokta alinisifia hapo baadaye. Tarakimu mbili zenye wenyewe ni bora kuliko moja uliyoichagua kwa sababu ilikuwa karibu.

Marejeleo ndiyo yaliyokula alfajiri yangu yote. Nilikuwa nimenakili nukuu bila namba za kurasa. Kuna sentensi nzuri kuhusu Kongwa niliyoipenda sana, na sikuweza kukumbuka imetoka wapi. Nikaitafuta mpaka adhana ikasikika, nikaitoa. Kila unaponakili kitu, andika hapo hapo mwandishi, mwaka na ukurasa, hata kama ni nyuma ya risiti. Kuna programu za bure kama Zotero zinazokutunzia na kukupangia marejeleo. Wenzangu waliozitumia tangu mwanzo walimaliza sehemu hiyo kwa dakika chache.

Asubuhi niliwahi steshenari na ripoti iliyokuwa fupi kuliko ilivyotakiwa, ila ikiwa na kichwa na miguu. Ilipofunguliwa kwenye kompyuta yao, kila kitu kilihama: namba za kurasa zikaruka, jedwali likakatika katikati, kwa sababu programu yao ilikuwa ya zamani. Foleni nyuma yangu inanung'unika. Nikakopa kompyuta pembeni nikapanga upya, muda unakwenda. Ihifadhi kazi yako kama PDF ukiwa bado nyumbani, na uwe nayo kwenye flashi na kwenye barua pepe. Kuprinti shilingi 100 kwa ukurasa, nakala tatu, na kubaindi juu yake. Nikamkopa mwenzangu yule yule. Nilisaini daftari la idara mikono ikitetemeka kwa njaa na usingizi, nikarudi kulala mpaka usiku.

Wiki mbili baadaye tukasimama mbele ya jopo. Maswali ya sura ya reli niliyajibu bila kutazama karatasi. Kila jibu nilikuwa nimeshalisema kwa sauti, kwenye giza, kwa mtu aliyetaka kujua. Kisha mjumbe mmoja akafungua sura ya mwisho, ile niliyoiandika kuanzia saa kumi alfajiri, akanisomea sentensi yangu mwenyewe kuhusu athari kwa wakulima wa Nachingwea, akauliza, "Umeongea na nani wa Nachingwea?"

Sikuwa nimeongea na mtu. Nilikuwa na likizo nzima nyumbani, wazee wapo, na sikuwauliza, kwa sababu wakati ule nilikuwa nasoma kuhusu vifaru. Nilisema ukweli. Akaandika kitu, akafunga ripoti. Nilipata C, na maoni ya Dokta pembeni ya ukurasa wa mwisho yalikuwa kwamba sura ya reli ingeweza kusimama yenyewe kama kazi kamili.

Krismasi nilikwenda nyumbani na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa reli, alinipeleka mpaka nje ya mji kunionyesha tuta lilipopita, limeota nyasi na mikorosho michanga, akanieleza walivyokuwa wakipanda mabehewa wakiwa watoto. Nimeanza kuiandika upya sura ile ya mwisho. Aya ya kwanza nimeshampelekea Dokta, ikiwa mbaya hivyo hivyo, na ameshairudisha na wino mwekundu.